Nyuzi Nne Nene

Wanasema vita vimekwisha. Juzi nilikuwa na mume wangu dukani hapa Jinja akichagua gita la umeme. Yeye ni mpiga besi, ila mpiga gita wa bendi yao alichukuliwa na askari kwenye kizuizi cha Bugembe, gita na mtu, hawakurudi, ikabidi yeye azibe pengo. Akashika la bei rahisi kuliko yote, akalijaribu hivyo hivyo bila umeme, na kama walivyo watu wa besi, ambao gita lao lina nyuzi nne tu, vidole vikabaki kwenye nyuzi nne nene. Mbili nyembamba hakuzigusa.

Mwanajeshi akaingia.

"Hii gita umeiba wapi?"

"Nanunua, afande. Mimi mwanamuziki."

"Basi piga wimbo, nasikia."

Akapiga. Dum, dum-dum, dum. Mimi mkewe nikajua ni wimbo wa harusi yetu, lakini nani mwingine angejua?

"Hii ni wimbo? Wewe mwizi. Twende!" Akamkamata kola.

Sijui sauti ilitoka wapi, mtoto mgongoni, nikaimba, nikaimba mbio mbio kama ninayefukuzwa, na mume wangu akazidi kupiga huku ameshikwa shingoni. Ule mkono ukalegea polepole.

"Kumbe ni hiyo," akasema mwanajeshi. "Hata mimi niliimbiwa harusini." Akatoka.

Gita tulilinunua. Sasa namfuata mpaka mazoezini, wenzake wanacheka. Yule aliyechukuliwa Bugembe alizijua nyuzi zote sita, ila siku ile hakuwa na wa kumwimbia.