Nilivyotafuta spea orijino ya saa ya mzee wangu, kutoka mtandaoni hadi Ziba

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hili limenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Majina ya watu nimeyabadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mzee wangu alikuwa dereva wa treni, sasa amestaafu, yupo Tabora. Ujanani alijibana akanunua saa ya mkononi ya Uswisi kwenye duka la Mwarabu mmoja pale mjini. Ni zile saa za gharama zenye kengele ndani. Unaitega, muda ukifika inanguruma mkononi kama nyenje. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kwenda zamu.

Baadaye maji yaliingia, ikafa.

Sasa macho ya mzee yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Likizo moja akaniambia, "Mwanangu, kutazama saa basi tena. Lakini ile kengele natamani niisikie kabla sijaondoka."

Nikaondoka nayo kwenda Dar.

Wakuu, kama hujawahi kutafuta spea ya saa ya zamani, shukuru Mungu. Fundi wa kwanza alitaka kung'oa mashine yote aweke ya betri. Wa pili aliniambia niagize nje. Nikaagiza mtandaoni kinyundo cha kengele na mishale, muuzaji akiapa ni orijino ya miaka ileile.

Mzigo ukafika, nikapanda treni kurudi Tabora kifua mbele.

Jirani akanielekeza kwa Bi Mwanaidi, fundi saa wa mjini, kazi aliyorithi kwa baba yake. (Ndiyo, fundi saa mwanamke, na wanaume wanapanga foleni kibarazani kwake.)

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete nione."

Akaweka lenzi jichoni, akafungua saa, kisha akatazama vile vitu vyangu. Akavigeuza kimoja kimoja, akatikisa kichwa.

"Umeuziwa vipya vilivyozeeshwa. Mishale inang'aa, uso wa saa umeiva rangi ya samli. Na hiki kinyundo kimezidi unywele mmoja, kitagonga vibaya."

"Huwezi kukisugua kidogo kikaingia?"

"Naweza. Ila itakuwa saa ya uongo, na mimi sitii mkono wangu hapo."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Mtu anayekataa kazi kwa sababu hiyo unampata wapi siku hizi?

Akanieleza kwamba magurudumu yameliwa na kutu na kinyundo kimekatika. Kilichosalimika ni balansi, lile gurudumu dogo linalokwenda huku na huku, ndiyo moyo wa saa. "Hii inamtaka ndugu yake wa tumbo moja. Lile duka lilileta chache za aina hii. Moja ilinunuliwa na bwana mmoja wa Ziba, kule Igunga, mnunuzi wa pamba. Baba alikuwa akiisafisha. Kaulizie huko."

Nikapanda basi la Igunga, kabla ya kufika mwisho nikashuka nikachukua bodaboda. Ziba nikaulizia marehemu mnunuzi wa pamba, nikapelekwa kwa mjane wake, Mama Kulwa. Nikamsalimia kwa Kinyamwezi changu cha kuungaunga, akacheka, akaniwekea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na maziwa.

Saa ilikuwepo! Imefungwa kwenye kitambaa sandukuni. Uso ule ule wa rangi ya samli, mishale ile ile, haijaguswa na fundi wa ovyo hata mara moja. Ilianguka siku moja na haikuamka tena.

Nikamweleza shida yangu, kwamba naomba vipande vya ndani.

Akaichukua taratibu mkononi mwangu.

"Mwanangu, mume wangu nilimzika kamili. Saa yake unataka niizike vipande?"

Nikaomba radhi, nikanyanyuka.

"Kaa umalize maziwa," akasema. "Baba yako anataka kuisikia, siyo? Na mimi natamani. Nitakwenda mwenyewe Tabora, huyo fundi anieleze mbele ya macho yangu."

Akaja kweli, na kitenge chake kipya.

Tulikutana kibarazani kwa Bi Mwanaidi: mimi, mzee wangu na Mama Kulwa. Fundi akazifungua saa zote mbili, akazilaza kwenye kitambaa cheupe. Alitazama moja, akatazama nyingine. Kisha akavua lenzi.

"Sitawaficha. Ya Ziba ni nzima, imevunjika balansi tu. Ya mzee imekufa kote, imebaki balansi tu. Hapa inapona moja. Nikihamishia vyote kwa mzee, mama anarudi na ganda. Nikimpa mama balansi, mzee anabaki na ganda."

Mama Kulwa akaweka kidole kwenye kasha la saa yake.

Mimi moyoni nilikuwa na hesabu za kumbembeleza yule mama. Nilishafungua mdomo.

Mzee akanigusa goti. "Bibi, ipi ikipona itabaki vile ilivyotoka kiwandani?"

"Ya mama. Kasha, uso, mishale, vyote vya tangu mwanzo."

"Basi toa moyo kwenye ya kwangu."

Mama Kulwa akashtuka. "Baba! Si wewe uliyehangaikia?"

"Mama, nilisema nataka kuisikia. Sikusema lazima ilie mkononi mwangu."

Wakuu, mimi ni mtu mzima mwenye familia, lakini nilijifanya naangalia barabarani.

Bi Mwanaidi alifanya kazi mchana kutwa, hakutaka haraka. Sisi tukanywa kahawa, wazee wakapiga stori za treni na pamba. Jua lilipoanza kupungua akatia ufunguo, akatega kengele, akamkabidhi Mama Kulwa. Yule mama akaigeuzageuza, kisha akamfunga mzee wangu mkononi. Mwenyewe akainama, sikio karibu.

Ikalia.

Mzee akacheka kama mtoto. Mama Kulwa akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika. "Marehemu alikuwa akiitega kwa ajili ya kufungulia ng'ombe," akasema.

Saa ilirudi Ziba. Lakini Jumapili Mama Kulwa humpigia mzee, simu anaiweka karibu na ile saa, hawaongei mpaka kengele iishe.

Nilichojifunza: ukitaka spea ya kweli ya saa ya zamani, anza na fundi anayethubutu kukuambia hapana, kisha fuata kule zilikopita saa zenyewe. Na saa iliyokufa usiitupe wala kuiuza kama chuma chakavu, huenda imebeba uhai wa nyingine.

Ukisikia watu wanasema uungwana umekwisha, waambie wapite Tabora.

Haya, nani ana saa ya kengele imelala kabatini kwao? Semeni aina yake na ilipo. Na wale mliowahi kuuziwa "orijino" mtandaoni, njooni tulie pamoja hapa chini.