Somo la Jimbo la Kati

Nilizaliwa Manyoni, na kila nilipofundisha habari za katikati ya nchi nilichora sakafuni kwa majivu, kwa kuwa ubao wetu huku bondeni Momba ulikuwa umepasuka. Nilianza na ardhi: uwanda mkavu, mvua haba, mtama, uwele, ng'ombe. Kisha nikapanga punje za mahindi ziwe nyumba za watu.

"Zamani hili lote liliitwa Jimbo la Kati, makao yake Dodoma," niliwaeleza wanafunzi. "Baada ya uhuru majimbo yakageuzwa mikoa, Singida ikapewa mkoa wake, na Manyoni yetu ikaangukia huko." Nikapitisha mstari wa majivu. "Haya, tazameni vizuri. Kuna nyumba iliyosogea?"

"Hakunaaa!"

"Basi msiogope mipaka. Ni kazi ya karatasi tu."

Niliamini hivyo. Mke wangu alifundisha Iyula, juu kwenye kahawa na baridi. Sote tulikuwa Wilaya ya Mbozi, na ombi langu la kuhamia shule yake lilisubiri saini ya mkurugenzi mmoja tu, wa wilaya. Wakati nikingoja, nilipika ugali wa mtu mmoja, na kila siku ulibaki.

Kabla ya saini kuja, Mbozi ikagawanywa. Sisi wa bondeni tukawa Wilaya ya Momba. Nikapanda lori la mahindi hadi ofisi mpya, Chitete. Karani alisoma barua yangu taratibu.

"Pole, mwalimu. Sasa unatoka wilaya moja kwenda nyingine. Kibali kinatoka juu. Andika upya."

"Lakini shule ni zilezile, ndugu yangu. Na mke ni yuleyule."

"Ni kweli," alisema, akanirudishia barua.

Juma lililofuata nilichora wilaya zetu. "Punje hii ni shule yetu. Ile ng'ambo ya mstari ni shule ya mama, mke wangu, kule Iyula."

"Kumbe mama amekuwa mgeni!" mmoja akadakia. Darasa likacheka, nami nikacheka.

Msichana wa mbele hakucheka. "Mwalimu, si ulisema ni karatasi tu?"

"Nilisema. Sasa niwaonyeshe karatasi yenyewe inavyotembea."

Nikaweka punje kwa mwalimu mkuu, nyingine kwa mratibu wa elimu wa kata, nyingine kwa mkurugenzi wetu, nyingine mkoani, nikiwaeleza kila mmoja anafanya nini na barua. Punje zikaniishia kabla sijafika Iyula. Nikamwomba aliyekaa karibu na mlango akaniletee nyingine.