Miti ya Mpaka

Avenyu yetu huku Vulamba inaanzia kwenye depo ya zamani ya kahawa, ambayo siku hizi ni chumba cha maombi, na inaishia kwenye chemchemi tulikoteka maji sote. Katikati ndipo kwetu. Mbele ya parseli, kiwanja chetu, babu alipanda ile miti myembamba ambayo sisi Wanande huiweka mpakani. Hakuna anayethubutu kuing'oa. Jiko la mama liliegemea miti hiyo.

Akaja mwalimu aliyetumwa kutoka Kasai, daftari mkononi. Alisema anaandika historia ya avenyu kwa ajili ya wanafunzi wake. Mimi nilimtazama viatu. Vilikuwa safi mno kwa matope yetu, tena alikuwa akihesabu hatua, midomo ikimcheza.

Mama alinivuta kando. "Mwalimu gani anapima barabara na miguu? Ule iko mutu ya cadastre, ya kupima viwanja. Banakuya kuuliza mupaka, kisha banaikamata. Usimuambie kitu."

Nami niliona hivyohivyo. Alipouliza umri wa miti, nilimjibu kwa uso mkavu kwamba tuliipanda mwaka jana, kwa kivuli tu. Akaandika. Nilijisifu siku nzima, nikawacheka majirani wa ng'ambo ya barabara waliomwambia kila kitu kama wajinga.

Baada ya miezi kadhaa, watu wa jiji walikuja kupanua barabara. Hakuna aliyekuwa na hati ya zamani, kwa hiyo shefu wa avenyu alileta nakala ya daftari la mwalimu, karatasi pekee iliyotaja mipaka. Ng'ambo, kamba ya kupimia ilikoma kwenye miti yao. Kwetu, ambako daftari lilisema miti ni ya kivuli tu, ilipita katikati ya jiko.

Mwalimu aliitwa. Kumbe alikuwa mwalimu kweli. Nilikiri mbele ya watu wote kwamba nilidanganya, kwamba miti ile ni ya babu. Aibu ilinichoma, na hasira pia, kwa sababu hata wakati ule nilikuwa bado namtilia shaka.

"Siku ile ulisema bongo, ulidanganya," afisa wa jiji aliniambia taratibu. "Sasa leo, tutajua aje kama hausemi tena bongo?"

Niliwageukia majirani wa ng'ambo. Kila mmoja wao aliijua miti ya babu. Lakini kamba ingetoka kwetu, ingesogea kwao, na wote walikuwa wanatazama chini. Mama aliingia jikoni, akaanza kutoa sufuria.