Jiwe la angani lilivyozuia ng'ombe za mahari yangu Butiama

Wakuu habari za saa hizi. Kisa hiki ni changu mwenyewe, chumvi sijaongeza. Asiyeamini apite Mwisenge aniulize.

Mimi ni fundi simu hapa Musoma. Kazi ikipoa nafuatiliaga asteroids, yale mawe yanayozunguka jua na kupita jirani na dunia yetu. Kuna watu kazi yao ni kuyapima na kusema lipi linaweza kutugonga. Wengine wana mpira, mimi starehe yangu ndiyo hiyo.

Basi likaonekana moja jipya. Uwezekano wa kugonga mdogo sana, tena miaka ijayo huko. Mimi na kiherehere changu nikalitupia kwenye group la ukoo.

Baadaye uwezekano ukapanda. Nika-update. Ukapanda tena. Nika-update.

Wakati huo ng'ombe za mahari zipo Butiama kwa baba mdogo, zinasubiri kwenda Mugeta kwa kina Nyangeta, mchumba wangu. Baba mdogo akapiga simu.

"Ng'ombe hazitoki mpaka hilo jiwe lieleweke. Dunia ikiisha, zifie kwetu."

Nikamwambia baba, hiyo kawaida. Wakizidi kupima, njia ya jiwe inaonekana vizuri. Asilimia zinaweza kupanda kwanza, halafu mara nyingi zinaanguka mpaka sifuri.

"Mgonjwa joto linapanda kila siku, wewe unasema anapona?"

Aisee! Huyu ndiye aliyenilea, nitabishana naye vipi? Nyangeta nikawa namwambia tu vumilia kidogo, mzee ana wasiwasi na jiwe.

Kweli bwana, wakapima tena, sifuri. Baba mdogo akajisifu kwenye group kwamba subira yake imesaidia. Mpaka leo hatujui ilimsaidia nani.

Nikampigia Nyangeta nacheka, ng'ombe zinakuja! Yeye hakucheka.

"Kama uliamini linagonga, ungekimbia uje tumalizie siku pamoja. Kama hukuamini, ulikuwa unasubiri nini?"

Akakata. Sasa hivi yuko Bunda kwa shangazi yake, simu zangu hapokei. Imeniuma wakuu, sitanii.

Nilichojifunza: group la ukoo ni la michango na salamu za sikukuu, asilimia waachie wenyewe. Na mkubwa akikosea, mwambie kwa heshima, ila mwambie.

Jioni hii naenda Bunda. Kama kuna aliyewahi kuulizwa swali la hivyo akajibu na akasamehewa, aniandikie hapa kabla sijafika.