Ua wa Jirani Yangu

Jirani yangu hapa Emali ni mjane wa mfanyabiashara wa ng'ombe, familia ya Waislamu kutoka kaskazini mashariki. Marehemu mumewe alipojenga, madirisha ya barabarani aliyaweka juu kuliko kichwa cha mtu, na mlango akausogeza usitazamane na wetu. Mimi, mtu wa kanisa na mwenye hasira za karibu, nikaona tunabaguliwa. Nikamuuliza mkewe waziwazi.

"Si ubaya, dada," akacheka. "Dini yetu inasema jirani ako na haki. Nisikuchungulie, usinichungulie."

Nilielewa aliponiingiza ndani. Ua ulikuwa wazi juu, na humo alipika, akafua, akachana nywele kichwa wazi, akanitania kwamba chapati zangu zinafaa kuziba pancha. Nje ya ua huo sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Kisha ng'ambo ya njia likaanza kupanda jengo la ghorofa. Alimwendea mwenye jengo, akamwomba ainue madirisha.

"Mama, hii ploti ni yangu, na plan ilipitishwa na kaunti," akajibiwa.

Akaongeza ukuta wa ua kwa mabati. Ghorofa ya pili ilipokuja, akaongeza tena. Upepo ukiyatikisa, nilitoka nje kuyatazama. Ya tatu ilikuja na roshani, na wanaume wa kuvuta sigara huku wakitazama chini. Akaufunika ua wote.

Jiko la makaa likabaki humo ndani. Kila nilipoingia, macho yaliniwasha na kichwa kikaniuma.

"Si uache hata mlango wazi," nilimsihi.

"Mlango unaangalia ngazi zao."

Nilikasirika, na niliogopa zaidi ya nilivyokasirika. Hakunisikiliza.

Asubuhi moja ya baridi nilipiga hodi. Harufu ya makaa ilitoka chini ya mlango. Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu. Yeye mwenyewe alinifundisha kwamba hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni hurudi kwake. Niliusukuma mlango kwa bega.

Alikuwa ameanguka kando ya jiko, kichwa wazi, chai imekaukia kwenye sufuria. Nilimburuta hadi njiani, penye hewa. Roshani zilijaa watu, wengine wameinua simu. Niliwatukana kwa Kikamba mpaka sauti ikaisha.

Akakohoa. Macho hakuyafungua, lakini mkono wake ulisogea, ukapanda polepole hadi kichwani, ukitafuta kitambaa.