Yenu Imesema Nini?

Kila siku nilikuwa nachambua viazi, vilivyooza kwenye ndoo, vizuri kwenye gunia, na Mama Achieng upande wa pili anapepeta omena wake, wale dagaa wa ziwani. Vibanda vyetu pale Kisumu vilitenganishwa na ukuta wa mabati tu. Kila jioni, taarifa ya habari ikiisha, yeye kwenye stesheni ya Kijaluo, sisi kwenye ya Kikuyu, aligonga mabati na kuuliza kwa Kiswahili, "Yenu imesema nini?" Nilimweleza, naye akanieleza yao. Siku nyingine ungedhani ni nchi mbili. Tulicheka sana.

Mume wangu, Baba Njeri, hakupenda mchezo huo. "Hao wanadanganywa mchana kutwa," alisema. "Na wewe unataka uletewe huo uongo mpaka hapa?"

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, mji uliwaka.

Tulijifungia kibandani na mtoto wetu. Baba Njeri alibandika redio sikioni, stesheni ile ile moja. Simsemi vibaya. Mtu akiogopa hutafuta sauti ya kwao.

Adhuhuri mabati yakagongwa.

"Mama Njeri, yetu inasema nyinyi mmeficha panga kwa gunia za viazi. Ni ukweli?"

Nilimfungulia. Nikapindua gunia moja, nikapindua la pili. Viazi vikabingirika hadi miguuni pake.

"Aki hawa watu wa redio!" akasema, akaanza kulia. "Kujeni kwangu. Na msiguse barabara ya Ahero, vijana wamefunga."

"Yetu imesema jeshi limefungua," Baba Njeri akajibu. Kisha akanigeukia. "Huyu anataka tukae hapa watumalize."

"Si yeye amekuja kuuliza? Wewe umeuliza nani?"

Akachukua koti lake na redio. Lori la watu wa kwetu lilikuwa linaondoka kwenda Nakuru. Mimi nilikataa kupanda, nikambeba Njeri. Baba yake alinishika shavu.

"Nikifika Nakuru nitatuma gari."

Lori lilisimamishwa kabla ya Ahero. Baba Njeri hakufika.

Sisi tulikaa kwa Mama Achieng mpaka mji ulipotulia. Vijana walipokuja kututafuta, alisimama mlangoni akawatukana kwa Kijaluo hadi wakaondoka. Sikuelewa hata neno, lakini sauti niliijua: ndiyo aliyofukuzia paka kwenye omena.

Nilichokuja kujua baadaye ndicho kinachoniuma. Redio ya mume wangu haikudanganya. Asubuhi jeshi lilifungua barabara kweli. Wanajeshi walipoondoka mawe yakarudishwa, na habari hiyo ikatangazwa kwa lugha ambayo yeye hakutaka hata kutafsiriwa. Redio ya kina Mama Achieng nayo ilidanganya kuhusu panga, ikasema kweli kuhusu barabara. Sasa nani angejua bila kuuliza?

Tulimzika kwao. Mimi nilirudi Kisumu, na ndugu zake mpaka leo wananishangaa. Nililetewa koti lake na ile redio. Stesheni sijaibadilisha. Jioni naisikiliza mpaka mwisho, namkumbuka, nikitaka kulia nalia.

Halafu naizima. Siku hizi ni mimi ninayegonga mabati kwanza.