Jirani Aliyechimba Kaburi la Mama

Siku ile shambani tulikuwa watu tisa, na nitawataja wote kwa sababu baadaye karibu kila mmoja alisema hakuwepo, au alikuwepo lakini hakuona. Alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji, amevaa buti za mvua ingawa mvua zilikuwa bado. Walikuwepo wazee wawili wa baraza la ardhi la kijiji, mmoja na daftari, mwingine na kamba ya katani. Alikuwepo jirani yetu wa upande wa juu, pamoja na mke wake aliyeshika ndoo ya makombo ya nguruwe na hakuitua chini tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikuwepo bibi anayekaa ng'ambo ya njia, ambaye hakuna aliyemwita. Walikuwepo wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike. Na mimi. Mama naye alikuwepo, chini ya msalaba wa mbao, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mahali alipolala.

Kabla ya kamba kunyooshwa, walikula. Mwenyekiti na wazee wake walipitia kwanza kwa jirani, na sisi tuliokuwa tumesimama kwenye baridi tangu asubuhi tulisikia harufu ya nguruwe akikaangwa. Waliposhuka, mzee wa kamba alikuwa bado anajilamba kidole gumba. Akanipa ncha moja nishike. Ilikuwa inateleza kwa mafuta. Nikaishika, kwa sababu nilikuwa mkubwa wa nyumba na hakukuwa na mwingine wa kuishika.

Lazima nieleze tulifikaje hapo.

Mama alikuwa mtu wa Iringa, mzaliwa wa vijiji vya Tosamaganga. Baba alimkuta Mafinga alipokuwa anafanya kazi kwenye viwanda vya mbao, akamleta huku kwenye milima ya juu ya jiji la Mbeya, wakanunua kipande cha mteremko na kulima viazi. Baba alitangulia. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa darasa la nne, wa kike hajaanza shule. Nilikunja sare zangu nikaziweka kwenye begi, na begi hilo sikulifungua tena mpaka mdogo wangu wa kike alipofikia kimo cha kuzivaa.

Mama alikufa mwezi wa saba, wakati ardhi ya huku ni ngumu kama tofali na asubuhi majani yana barafu. Ndugu zake wa Iringa walikuwa njiani. Ndugu za baba walikaa kwenye mabenchi wakiulizana nani ana jembe. Aliyeinuka ni jirani wa juu. Alivua koti, akaita vijana, akashuka shimoni wa kwanza na kutoka wa mwisho. Walikuta mwamba, wakauvunja kwa mtaimbo mpaka viganja vikachubuka. Kwetu kaburi halilipwi kwa fedha. Aliyekuchimbia, siku yake au ya watu wake ikifika, nawe unakwenda kuchimba. Nilimpigia magoti kumshukuru. Akaniambia, "Inuka, binti. Leo kwenu, kesho kwangu."

Nilikumbuka maneno hayo miaka mitano, na ndiyo yaliyonifunga mdomo.

Viazi vinalimwa kwenye matuta. Msimu ukiisha, unapasua tuta la zamani na udongo wake unaujaza kwenye mfereji wa pembeni, hivyo penye mfereji panakuwa tuta na penye tuta panakuwa mfereji. Kwa hiyo shamba zima husogea nusu tuta. Mkulima muungwana akisogea chini msimu huu, msimu ujao anarudi juu, na mpaka unabaki palepale. Jirani yetu alikuwa anakuja tu. Kurudi hakurudi. Misimu miwili kwa mwaka, nusu tuta kwa nusu tuta, alitushukia kama maji yanayotafuta mlango.

Kwenye mpaka kulikuwa na masale, mimea ile ya mpaka ambayo hata ukiikata huchipua. Mwaka wa pili nikaona yamepungua. Mwaka wa tatu hayakuwepo kabisa. Nilimwendea kwa adabu.

"Shikamoo baba."

"Kamwene!" alijibu, ile salamu ya Iringa, akiivuta kama mtu anayeita mbuzi. Mke wake akacheka.

"Baba, naona masale hayapo."

"Yamekauka. Kwani wewe umewahi kuyamwagilia?"

"Na matuta yako yameshuka."

"Binti, wewe viazi unajua kuvila. Kulima niachie mimi niliyezaliwa kwenye mlima huu." Halafu akalainisha sauti, akaniwekea mkono begani. "Mama yako nilimzika kwa mikono hii. Unaniletea maneno ya mpaka?"

Nikarudi nyumbani. Ule mkono begani niliusikia mpaka jioni, nikaoga.

Mwaka wa nne akajenga banda la nguruwe kwenye sehemu aliyoimega. Kwa kuwa yeye yuko juu na sisi chini, kila kilichotoka bandani kilitujia. Maji ya kijani yenye povu yalifuata mfereji wa viazi vyetu na kutuama kichwani kwa kaburi. Nzi walihamia jikoni. Ukisonga ugali lazima mtu mwingine asimame na kitambaa akipunga. Mdogo wangu wa kike aliacha kula akiwa nyumbani, akawa anakula shuleni tu. Jirani mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alipita kwenye njia ya mkato kando ya kaburi akiwa na suti, akavua kofia, akainamisha kichwa, kisha akaruka kile kidimbwi cha mavi ya nguruwe wake ili asichafue viatu.

Asubuhi moja nilikuta nguruwe jike amelala juu ya kaburi, ubavu wake umeegemea msalaba. Alikuwa anatafuna ua la plastiki la shada ambalo mama mdogo alilileta kutoka Iringa. Alitafuna taratibu, macho yake kwangu. Nilimpiga teke, nikatapika palepale. Jirani alisimama juu akitazama.

"Usimuumize," alisema. "Ana mimba."

Ndiyo siku niliyokwenda kwa mwenyekiti.

Sasa tulikuwa shambani, kamba mkononi. Mwenyekiti aliuliza alama za mpaka ziko wapi. Nikasema palikuwa na masale, pale juu ndani ya banda. Jirani akasema hapana, mpaka wake unashuka mpaka chini ya kaburi, karibu na mti wetu wa mpichi.

"Kwa hiyo kaburi liko kwako?" mwenyekiti aliuliza.

"Liko kwangu. Hawa ni watu wa kuja. Mama yao alipokufa hawakuwa na ndugu wa kushika hata jembe. Nikasema, mleteni, mimi nitampa pa kulala. Nikachimba mwenyewe. Leo wananidai shamba."

Kilichonichefua zaidi ni kwamba nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Alichimba mwenyewe. Ndugu hawakushika jembe. Alichukua lile jambo moja jema alilotutendea, akalipaka uchafu wake, akatukabidhi.

"Muongo!" mdogo wangu wa kike alipiga kelele. Nikamshika mkono. Wa kiume alikuwa ameshika jembe kwa namna ambayo si ya kulimia.

"Weka chini," nikamwambia.

"Dada, unamsikia?"

"Namsikia. Weka chini."

Mwenyekiti akakohoa. "Ujirani ni ujirani. Huyu anasema huku, huyu anasema kule. Tukate katikati." Wakanyoosha kamba. Katikati ya banda na mpichi ilikuwa kifuani kwa mama. Kamba ilipita juu ya kaburi sawasawa, ikigusa msalaba, ikaacha alama ya mafuta kwenye mbao.

"Si neno," alisema mzee wa kamba. "Kichwa kitakuwa huku, miguu kule. Mtamtunza wote."

Walicheka. Mzee wa daftari akanisogezea ukurasa nitie sahihi. Nilisoma. Shule niliiacha mapema lakini kusoma sikuacha. Ukurasa ulikuwa umeshaandikwa wote, kwa wino uliokauka zamani, kwamba mpaka umepimwa, umegawanywa katikati, na pande zote zimeridhika. Pembeni palikuwa na doa la mafuta. Wameandika wakiwa mezani, mifupa mbele yao.

"Mzee, hapa mmeandika nimeridhika kabla sijafika."

"Tuliokoa muda."

"Siridhiki. Sitii sahihi."

"Binti, utakwenda wapi?" jirani aliuliza. "Iringa?"

"Sitii sahihi," nikarudia, nikaiachia kamba ikaanguka. Sikuwa na neno lingine. Niliona tu kwamba nikisema hilo moja mpaka usiku, watachoka wao kabla yangu.

Hapo bibi wa ng'ambo ya njia alikuja mpaka kaburini. Muda wote alikuwa ameegemea mti wa mpichi akitafuna muwa.

"Wewe kijana," alimwambia jirani, mtu mwenye wajukuu. "Siku ile ya kuchimba nani aliwaletea uji?"

"Bibi, haya si mambo ya uji."

"Nani?"

"Wewe."

"Nikiwa na sufuria kichwani ulinisimamisha. Ukasema, bibi, subiri nipime. Ukaweka kisigino kwenye sale la mpaka, ukashuka hatua saba, ukachora shimo kwa jembe. Mwenzako akakuuliza, mbona mbali? Ukajibu nini?"

Jirani alikung'uta suruali.

"Alijibu nini, bibi?" mwenyekiti aliuliza.

"Aseme mwenyewe. Mdomo anao, umetoka kula nyama sasa hivi."

Aliyesema ni mke wake, na ndoo yake mkononi, akitazama chini. "Alisema tuwaachie watoto matuta ya juu yenye rutuba, mama yao asije akala shamba lao."

Sijui kwa nini alisema. Labda ndoo ilimchosha. Mumewe alimtazama kwa jicho ambalo nilijua atalilipia nyumbani.

"Basi ni rahisi," bibi alisema. "Miguu ni ileile. Apande hatua saba."

Mwenyekiti hakuwa na pa kukimbilia. Jirani akasimama kichwani kwa kaburi, akaanza kupanda kwa vihatua vya kuburuza, kisigino kikigusa kidole.

"Ee! Siku ile hukutembea kama bi harusi," bibi alisema.

Hata mzee wa kamba alicheka. Jirani akaona aibu, na aibu ikamfanya atembee kama mwanamume. Rudia, wakamwambia. Akarudia. Hatua mbili zilimaliza matuta yetu. Ya tatu, ya nne, ya tano alikuwa kwenye yake. Ya sita akasukuma mlango wa banda. Ya saba mguu ulizama kwenye mavi mpaka kifundoni, akabaki amesimama hapo, nguruwe wakimnusa suruali.

Mdogo wangu wa kiume akapewa jembe. Alichimba kando ya nguzo ya banda, akatoa shina la sale lililokatwa kwa panga, na ubavuni mwake kichipukizi cheupe ambacho hakijawahi kuona jua.

Mzee wa daftari akachana ule ukurasa. Akaufutia mikono.

Banda liliondolewa baada ya wiki mbili, lakini uchafu waliuacha. Tuliuzoa kwa ndoo siku tatu, tukaumwaga kwenye matuta. Viazi vya msimu ule vilikuwa vikubwa kuliko vyote tulivyowahi kuvuna. Sikuweza kuvila. Mwenyekiti alipoulizwa na watu alisema siku ile alikuwa mjini. Jirani bado hunisalimia "Kamwene", bado huvua kofia akipita. Namwitikia. Nikimtazama viganja, naona masale yaliyokatwa, halafu nakumbuka jinsi vilivyochubuka kwa mtaimbo, na sijui nifanye nini na vitu hivyo viwili kwa mtu mmoja.

Mwaka huu anaumwa. Miguu imevimba, hapandi tena shambani. Juzi mke wake alikuja kuomba maji ya moto, akakaa jikoni kwangu bila ndoo, akaniambia hospitali wamewarudisha nyumbani.

Mdogo wangu wa kiume sasa yuko Mafinga, kwenye mbao kama baba. Nilimpigia.

"Siji, dada. Nguruwe wake ndio wamzike."

"Utakuja. Utashuka wa kwanza na kutoka wa mwisho."

"Baada ya yote yale?"

"Alichimba. Hatujamlipa."

Msumeno ulilia nyuma yake. Mtaimbo nimeuazima kwa bibi, nimeuegemeza nyuma ya mlango. Nimemwambia asizime simu.